Mama Saba wa Aspelta: Ukoo na Makaburi ya Mfalme wa Kushi

Katika Jumba la Makumbusho ya Misri jijini Cairo kuna bamba la jiwe lililogunduliwa mwaka 1862 katika magofu ya hekalu la mungu Amun, chini ya kilima cha Jebel Barkal, kaskazini mwa Sudan ya leo. Maandishi yake ya hieroglifi yanasimulia jinsi Aspelta alivyochaguliwa kuwa mfalme wa Kushi, karibu mwaka 600 KK. Msomaji hulifuata simulizi hilo mstari kwa mstari hadi anapofika panapotajwa nasaba ya mfalme. Hapo anatajwa mama yake Aspelta, kisha mama wa mama huyo, kisha mama wa bibi huyo, na hivyo hivyo kurudi nyuma vizazi saba vya wanawake, kila mmoja na vyeo vyake. Vyeo vipo, lakini majina hayapo. Mtu fulani alichukua patasi na kuyachokoa majina hayo moja baada ya jingine, akaacha ndani ya kila fremu ya kifalme shimo lisilo na herufi.

Kwa maoni yangu, mashimo hayo ndiyo mlango mzuri zaidi wa kuingilia katika maisha ya Aspelta, hata kuliko piramidi lake na dhahabu iliyotolewa ndani yake. Aliyeyachimba hakuwa mharibifu wa kupita njia. Alijua kusoma, alijua wapi pa kupiga, na alijua kwamba ukitaka kumwondoa Aspelta katika ufalme huna haja ya kuvunja bamba zima; inatosha kuwaondoa mama zake. Kwa hiyo hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba ukoo wa Aspelta na makaburi yake ni jambo moja linalopaswa kusomwa pamoja, na kwamba nguzo ya jambo hilo ni wanawake ambao simulizi nyingi za piramidi za Sudan huwataja kwa kupita tu, kama watu waliozikwa kando ya wenye makaburi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamewahi kulisikia taifa hili hata kama hawajapata kufungua kitabu cha historia ya Sudan. Biblia inamtaja Tirhaka, mfalme wa Kushi, ambaye ndiye Taharqa wa maandishi ya mawe. Wafalme wa ukoo wake walitoka katika nchi ya Napata, penye kilima cha Jebel Barkal, wakaitawala Misri yote katika karne ya nane na ya saba KK, hadi majeshi ya Waashuru yalipowasukuma kurudi kusini. Tanwetamani, mrithi wa Taharqa, ndiye aliyekuwa wa mwisho kati yao kushika Misri. Baada yake Atlanersa, Senkamanisken, Anlamani na Aspelta walitawala Kushi peke yake, ingawa waliendelea kujiita kwa majina ya enzi ya Misri na kuvaa mavazi yake. Wataalamu wengi wanamchukulia Senkamanisken kuwa baba wa wawili hao wa mwisho. Kuhusu mama hakuna ubishi: Anlamani na Aspelta walikuwa ndugu wa tumbo moja, watoto wa Nasalsa.

Simulizi la bamba la Cairo linaanza na jeshi. Mfalme Anlamani amefariki, askari wamekusanyika katika mji wa Mlima Mtakatifu, yaani Jebel Barkal, nao wanajilinganisha na kundi la wanyama lisilo na mchungaji. Wanasema bwana wao yupo miongoni mwao lakini hawamjui. Makamanda, walinzi wa ngome, waandishi na watunza mihuri wanashauriana, kisha wanaamua kwenda kwa Amun, kwa kuwa tangu enzi za kale ufalme wa Kushi umekuwa mikononi mwake. Wanawaleta ndugu wa mfalme mbele ya mungu. Amun hamchukui hata mmoja. Wanamleta tena mara ya pili mmoja tu, Aspelta, na mungu anatamka kwamba huyu ndiye mfalme wao. Mara baada ya tamko hilo ndipo nasaba inapowekwa: baba yake, ambaye jina lake nalo limefutwa, kisha msururu wa akina mama.

Mpangilio huo unastahili kutazamwa kwa makini. Wale ndugu waliokataliwa nao walikuwa wa ukoo wa kifalme, na maandishi hayasemi walikuwa na dosari gani. Yanachofanya ni kumtenga Aspelta peke yake, na mara tu baada ya kumtenga yanaleta mama, bibi, na mama wa bibi. Baba anapewa nafasi moja. Upande wa mama unapewa vizazi saba. Kama mwandishi wa bamba alitaka kujibu swali ambalo jeshi zima lingeuliza, yaani kwa nini huyu na si yule, basi jibu lake ni hilo. Amun alichagua, na aliyechaguliwa alikuwa na kina mama wa namna hii.

Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu wamebishana kuhusu urithi wa kiti cha Kushi. Wapo waliosema kiti kilitoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake na baadaye kwa mtoto wa kaka mkubwa. Wapo waliosema kilifuata baba na mwana kama kule Misri. Wapo walioona kwamba kilifuata upande wa kukeni. Kila upande una mifano yake, kwa sababu orodha ya wafalme ina kaka waliofuatana na ina wana waliofuata baba zao. Binafsi naona bamba la Aspelta halitoi kanuni inayotaja nani hasa arithi. Linataja sharti la kuingia katika kundi la wanaoweza kurithi, na sharti hilo ni kuzaliwa na mwanamke mwenye cheo cha dada wa mfalme. Katika bamba hili cheo hicho kinawaunganisha wanawake wa msururu kama uzi unaopita katika shanga.

Hapa nafikiri msomaji wa Kiswahili ana wepesi ambao baadhi ya wachambuzi wa Ulaya hawakuwa nao. Sisi tunajua kwamba mtu anaweza kuwa na mama mzazi, mama mkubwa na mama mdogo, wote wakaitwa mama bila yeyote kuona ni kosa, na tunajua kwamba dada si lazima awe amenyonya titi moja nawe. Mmoja wa wanawake katika msururu wa Aspelta anatajwa kwa cheo cha mwabudu wa kimungu wa Amun wa Thebes, mji mtakatifu wa Misri. Cheo hicho kilishikwa na mabinti wa kifalme walioishi Thebes wakiwa wake wa mungu, na kilipokezanwa kwa kuasili: aliyekuwa nacho alimfanya binti wa kifalme mwingine kuwa mwanawe. Shepenwepet wa Pili, binti wa mfalme Piye, aliasiliwa kwa njia hiyo, na mwaka 656 KK wakuu wapya wa Misri waliitumia njia hiyo hiyo kumwingiza Nitocris, binti wa Psamtik wa Kwanza. Ikiwa mwanamke wa cheo hicho anaonekana katikati ya nasaba ya Aspelta, basi inawezekana kabisa kwamba sehemu ya msururu huo ni ya kuasili, na haikupungua nguvu kwa sababu hiyo. Mchambuzi anayetafuta damu tupu atachanganyikiwa. Anayetafuta ukoo, kwa maana yetu ya neno hilo, ataelewa.

Juu ya maandishi ya bamba hilo kuna mchoro. Amun ameketi akiwa na kichwa cha kondoo dume, na nyuma yake amesimama Mut, mkewe. Aspelta amepiga magoti mbele ya mungu. Anayewaelekea wote amesimama wima: ni Nasalsa, ameshika sistra mbili, zile njuga zenye vyuma vinavyocheza ambazo zilipigwa hekaluni ili kuuridhisha moyo wa mungu. Maneno yaliyochongwa karibu naye ni ombi la mama anayemwombea mwanawe ufalme. Katika mchoro mzima, mtu anayesema ni yeye. Mfalme yuko chini, mungu amekaa, na mama anazungumza. Baadaye patasi ilipopita, ilipita na kwenye jina lake pia.

Nasalsa hakuanzia hapo. Mwanawe wa kwanza, Anlamani, aliacha bamba lake katika hekalu la Kawa, kusini kidogo mwa Dongola, akaeleza kwamba alimwita mama yake, naye alipofika alimkuta mwanawe ameketi juu ya kiti kama mungu mke Isis alivyomwona mwanawe Horus. Maneno hayo yanarudia yale aliyoyaandika Taharqa katika hekalu hilo hilo kuhusu mama yake Abar, ambaye alisafiri kutoka kusini kwenda Memphis kumwona mwanawe aliyevikwa taji. Ni kana kwamba kutawazwa kwa mfalme wa Kushi hakukukamilika mpaka mama yake aje aone kwa macho yake. Katika bamba hilo hilo Anlamani anasema kwamba aliwatoa dada zake wanne wawe wapiga sistra katika mahekalu manne ya Amun: Napata, Kawa, Pnubs, na hekalu la Amun anayeitwa Fahali wa Nubia, ambalo ni lile la Sanam. Wanawake wanne wa nyumba moja wakasimama katika milango minne ya nchi.

Aspelta aliendeleza mpango huo. Bamba lake la mwaka wa tatu wa utawala, ambalo leo liko katika jumba la Louvre jijini Paris, linahusu kusimikwa kwa Madiqen, mwanamke wa ukoo wa kifalme, katika utumishi wa hekalu la Sanam. Anapewa chombo cha fedha cha kumiminia na sistra ya fedha, anatengewa posho yake ya kila siku, na maafisa kadhaa wanaorodheshwa kwa majina kuwa mashahidi. Nasalsa anaonekana tena katika mchoro wa bamba hili. Nikilisoma naona kwamba ni hati ya kisheria zaidi kuliko shairi la sifa: kuna tarehe, kuna haki iliyotolewa, kuna mashahidi, na kuna laana kwa atakayeiondoa. Ukoo wa kifalme ulikuwa unagawanya mamlaka yake ya kidini kwa utaratibu, na waliopewa hati walikuwa wanawake.

Tukivuka mto tunakutana na ukoo huo huo ukiwa umelala. Makaburi ya Nuri yako umbali wa kilomita zipatazo 10 kutoka Jebel Barkal, ng'ambo ya Mto Nile. Wafalme wa mwanzo wa ukoo huu, pamoja na Piye na Tanwetamani, walizikwa el-Kurru, kwenye makaburi ya wazee wao. Taharqa ndiye aliyejitenga na kuanzisha Nuri, akajenga huko piramidi lenye upana wa karibu meta 52 kila upande, kubwa kuliko jingine lolote lililowahi kujengwa katika nchi ya Kushi. Senkamanisken akamfuata, kisha Anlamani, kisha Aspelta, na eneo hilo likaendelea kupokea wafalme hadi Nastasen katika karne ya nne KK. Kwa jumla wafalme wapatao 20 wako hapo, na wake, mama na mabinti zao zaidi ya 50.

Piramidi la Aspelta lilipewa namba 8 na wachimbaji. Yeyote aliyezoea picha za Giza atashangazwa na umbo lake, kwa kuwa mapiramidi ya Nuri ni membamba na yenye mteremko mkali, na hayana chumba cha maziko ndani ya jengo lenyewe. Kaburi liko chini ya ardhi, na linaingiwa kwa ngazi ndefu iliyochongwa kwenye mwamba upande wa mashariki, ikishuka hadi kwenye vyumba vitatu vilivyofuatana. Mbele ya piramidi palijengwa hekalu dogo la sadaka. Chini ya pembe nne za msingi wake vilifukiwa vitu vya kuzindua ujenzi: vifaa vidogo vya mfano, vyungu, na vibao vidogo vyenye jina la mfalme. Vibao hivyo, ambavyo hakuna mwizi aliyejua vilipo, ndivyo vilivyowasaidia wachimbaji kujua piramidi lipi ni la nani hata pale ambapo vyumba vya chini vilikuwa vimeporwa zamani.

Wezi waliingia kwa Aspelta pia, lakini hawakumaliza. Miongoni mwa vilivyosalia ni chupa ya alabasta ya kutunzia mafuta, iliyochongwa kwa umbo refu lenye tumbo, ambayo shingo yake imevikwa dhahabu. Kutoka kwenye dhahabu hiyo zinaning'inia nyuzi za dhahabu zilizosukwa, na kila moja imebeba jiwe la rangi mwishoni. Ukiinua chupa hiyo mawe yangecheza na kugongana. Fundi aliyeitengeneza alifikiria sauti pamoja na sura, na mimi siwezi kuitazama picha yake bila kukumbuka zile sistra mikononi mwa Nasalsa. Pamoja nayo vilipatikana vibanio vya dhahabu, vyombo vya alabasta, na sanamu ndogo za watumishi wa kaburini kwa mamia, ambazo kazi yake ilikuwa kumfanyia mfalme kazi za shamba huko ahera.

Kitu kizito kuliko vyote kilikuwa jeneza lake la jiwe. Ni la itale, lina uzito wa zaidi ya tani 10, na kuta zake zimejaa maandishi ya maziko, mengine yakiwa yametoholewa kutoka Maandiko ya Piramidi ya Misri ambayo wakati wa Aspelta yalikuwa tayari yana umri wa zaidi ya miaka 1,700. Huko Nuri wafalme wawili tu walizikwa katika majeneza ya namna hiyo, Anlamani na Aspelta. Kaka na mdogo wake, wana wa mama mmoja. Kabla yao hakuna aliyefanya hivyo hapo, na baada yao hakuna aliyerudia. Sioni namna ya kuueleza ufanano huo bila kurudi kwenye ukoo: Aspelta alimzika kaka yake, au alisimamia maziko yake, kisha akajiandalia kaburi lake kwa mfano ule ule, kama alivyopokea taji lake kutoka kichwani pa kaka yake.

Nasalsa naye yuko Nuri, katika piramidi namba 24. Henuttakhebit, mke wa Aspelta, yuko katika namba 28, na Madiqen yule wa Sanam katika namba 27. Asata na Artaha, ambao nao wanahesabiwa kati ya wake wa Aspelta, wako katika namba 42 na 58. Mapiramidi yao ni madogo, na yamekusanyika nyuma ya safu ya wafalme. Kwa sababu ya udogo huo, maandishi mengi huyaita makaburi ya pembeni, na neno hilo ndilo ninalolipinga. Tazama yalivyojengwa: nayo yana ngazi upande wa mashariki, yana vyumba chini ya mwamba, na malkia nao walipewa sanamu zao za watumishi. Mwanamke wa ukoo huu hakuzikwa kama kipande cha mali ya mumewe ndani ya kaburi la mumewe. Alikuwa na piramidi lake, sadaka yake na jina lake, na alizikwa pale kwa haki ya cheo chake. Anayesimama katikati ya Nuri na kuona mapiramidi makubwa mbele na madogo nyuma anaweza kuona mabwana na wategemezi wao, lakini anayekuja akiwa amesoma bamba la Cairo ataona nyumba ambayo misingi yake iko nyuma.

Ushahidi kwamba Aspelta mwenyewe aliwaona wafu wa ukoo kuwa sehemu ya utawala wake unapatikana katika bamba jingine, lililowekwa Jebel Barkal kwa kumbukumbu ya Khaliut. Huyu alikuwa mtoto wa Piye, na Piye alikuwa amefariki zaidi ya miaka 100 kabla. Mfalme aliyekuwa na vita mpakani na wapinzani nyumbani alipata muda wa kumkumbuka mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kutawala, akarudisha heshima yake ya mazishi, na katika maandishi Khaliut anamwombea Aspelta kwa miungu. Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Taharqa alikuwa mwana wa Piye na ukoo ulikuwa na matawi mengi. Aliyewatunza wafu wa tawi jingine alilivuta tawi hilo upande wake. Ni jambo ambalo katika koo zetu linafanyika hadi leo kwenye matanga na arobaini, pale mtu anapotambuliwa kuwa mkubwa wa ukoo kwa sababu ndiye aliyesimamia mazishi.

Kwamba alikuwa na wapinzani si dhana tupu. Bamba jingine, kati ya matano yaliyogunduliwa pamoja na lile la Cairo mwaka 1862, linaeleza habari za kundi la watu wa hekalu la Amun waliokula njama ya kumuua mtu asiye na hatia, na mfalme akawaangamiza na kuwafukuza wazao wao hekaluni. Jina la mfalme limefutwa hapo pia, na watafiti wengi wanalihesabu kuwa la Aspelta. Neno linalotumika kwa wahalifu hao ni la ukoo. Kulikuwa basi na ukoo mwingine wenye mizizi hekaluni, mahali pale pale ambapo Aspelta alipata ufalme wake na ambapo wanawake wa nyumba yake walikuwa wakisimikwa.

Sasa nirudi kwa mwenye patasi. Maelezo ya kwanza yanamwelekea Psamtik wa Pili wa Misri, ambaye mwaka 593 KK alituma jeshi kusini. Askari wa Kigiriki waliokuwa katika jeshi hilo waliacha majina yao kwenye mguu wa sanamu ya Ramses huko Abu Simbel, ambako yanasomeka mpaka leo. Psamtik huyo huyo aliagiza majina ya wafalme wa Kushi yafutwe katika majengo ya Misri. Huko Jebel Barkal mwaka 1916 zilipatikana sanamu za Taharqa, Tanwetamani, Senkamanisken, Anlamani na Aspelta zimevunjwa shingoni, magotini na miguuni, kisha zikafukiwa kwa heshima. Mwaka 2003 Charles Bonnet akakuta huko Dukki Gel, karibu na Kerma, shimo jingine lenye sanamu saba za wafalme hao hao zikiwa zimevunjwa vivyo hivyo. Mkono wa jeshi la Misri unaonekana waziwazi katika uvunjaji huo.

Hata hivyo bamba la Cairo limetendewa kwa namna nyingine kabisa. Halikuvunjwa. Amun hakuguswa, sifa za jeshi hazikuguswa, vyeo vya wanawake vimebaki. Kilichoondolewa ni mfalme, baba yake, mama yake na msururu wa kukeni, jina kwa jina. Kwa askari wa Psamtik bibi wa bibi yake Aspelta hakuwa na maana yoyote. Adui wake alikuwa mfalme aliye hai na wafalme waliowahi kukalia Misri. Kwa ukoo mpinzani wa Napata, mabibi hao walikuwa ndio kila kitu. Kwa sababu hiyo naegemea upande wa wanaosema kazi hii ilifanywa na watu wa ndani, na kwamba walifanya hivyo kwa sababu waliikubali kanuni yenyewe. Aliyeacha vyeo na kuondoa majina alikubali kwamba mfalme lazima awe na mama saba wa namna hiyo, na akakana tu kwamba mama hao ni wa Aspelta. Hawakushinda moja kwa moja, maana Aspelta alizikwa katika jeneza lenye jina lake na mwanawe Amtalqa akajengewa piramidi jirani, namba 9.

Karne 25 baadaye ukoo huu ulifutwa kwa njia nyingine. George Reisner, aliyeongoza msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard na jumba la makumbusho la Boston, alichimba Nuri kati ya mwaka 1916 na 1918 kwa uangalifu ambao mpaka leo wachimbaji wanauheshimu. Kumbukumbu zake ndizo zinazotuwezesha kusema kaburi lipi ni la nani. Lakini Reisner huyo huyo hakukubali kwamba Waafrika weusi waliweza kuanzisha dola kama hiyo, akaamini kuwa wazee wa ukoo huu walikuwa Walibya waliohamia kutoka kaskazini. Nadharia hiyo imekwisha kutupwa. Ilikuwa hata hivyo nasaba ya kubuni iliyobandikwa juu ya nasaba iliyoandikwa kwenye jiwe, na ilidumu kwa miongo kadhaa katika vitabu vilivyosomwa na wanafunzi.

Vitu vilivyochimbwa viligawanywa kati ya Sudan na Boston. Kwa mgao huo jeneza la Anlamani lilibaki Khartoum na jeneza la Aspelta likaenda Marekani, pamoja na sanamu yake ya zaidi ya meta 3 na ile chupa ya alabasta. Mambo haya yalifanyika kwa kibali cha serikali ya kikoloni ya wakati ule, na sitaki kuyasema kana kwamba ni wizi wa usiku. Lakini majeneza mawili pekee ya aina yake, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wana wa mama mmoja, leo yametenganishwa na bahari, na jumba linalolitunza moja haliwezi kumwonyesha mgeni wake ni kwa nini lilitengenezwa hivyo. Vita vilivyoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023 vimeifanya hali kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa Jumba la Makumbusho la Taifa la Sudan liliporwa. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kushukuru kwamba Boston ilichukua nusu. Mimi naona ni sababu ya kuwasaidia watunzaji wa makumbusho wa Sudan, ambao walipigania urithi huo huku wenyewe wakikimbia makombora, na ya kudai kwamba kumbukumbu za Reisner na picha zake zote ziwafikie kwa lugha wanayoitumia kazini.

Nuri kwenyewe kuna adui mwingine asiye na bunduki. Maji ya chini ya ardhi yamepanda hadi kwenye vyumba vya maziko, na makaburi ambayo Reisner aliyaingia kwa miguu sasa yamezama. Wanaakiolojia waliochimba kaburi la Nastasen hivi karibuni walilazimika kupiga mbizi, wakiwa na mabomba ya hewa, katika vyumba vyenye giza totoro. Eneo hilo, pamoja na Jebel Barkal, el-Kurru na Sanam, liko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2003, na uangalizi wa watu huvutwa kwanza na makaburi ya wafalme, kwa kuwa huko ndiko kunakotarajiwa dhahabu.

Ningependa uangalizi huo uelekezwe pia kwenye mapiramidi madogo ya nyuma. Wanawake saba wa bamba la Cairo hawakuwa wa hadithi. Waliishi, na walizikwa mahali fulani katika ardhi hii, wengine pengine el-Kurru na wengine Nuri, ambako makaburi ya malkia yamejaa. Vyeo vyao tunavyo katika jiwe, kwa mpangilio wa vizazi. Majina ya malkia wengi tunayo kutoka kwenye sanamu za watumishi na vyombo vya makaburi yao. Nasalsa amekwisha kurudishwa katika nafasi yake kwa njia hiyo, kwa kuwa jina lililochokolewa Jebel Barkal limesalia Kawa, Sanam na kaburini kwake. Baada yake zimebaki nafasi sita.